Vitu vya Baba Vilivyorudi Kapuni

Tulipofungua sanduku la mama, siku ya pili baada ya kufariki kwake, harufu ya ziwa ilitoka kabla hatujagusa nguo. Ilikuwa harufu ya mukene, wale dagaa wetu, wakianikwa juu ya mchanga, ya magugu maji yaliyooza na ya kamba za nyavu, na ilijaa chumba chake chote pale Mukuju, mahali ambapo maji ya karibu ni ya kisima na samaki hufika kwa baiskeli. Mama mdogo Athieno, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa anatafuta gauni la kumvisha marehemu. Aliacha kutafuta akaniangalia. Mama alikuwa ameishi Mukuju tangu nikiwa mtoto, na ziwani hakurudi kwa hiari yake hata siku moja. Sasa harufu hiyo ilikuwa inafanya nini katika sanduku lake?

Kilichokuwa ndani nitakisema, lakini kwanza niseme habari za Kapu. Bila Kapu kitu chenyewe ni takataka, na mtu yeyote mwenye akili timamu angekitupa.

Kapu ni ghuba ndogo upande wetu wa Busia, ukiacha barabara ya Majanji na kushika njia ya ng'ombe. Mikono miwili ya mawe meusi imeingia ziwani ikakaribiana, ikaacha mlango ambao mtumbwi mmoja unapita na wa pili unasubiri. Ndani maji yametulia, ya kijani kando ya mafunjo na meusi katikati, na juu ya mkono wa kulia kuna mkuyu ulioinama ambao ndege minandi wameupaka mavi mpaka matawi yake yakawa meupe. Siku hizi vijana wa mjini huenda pale Jumapili kupiga picha. Mpwa wangu alinionyesha moja kwenye simu: msichana mwenye miwani ya jua amekaa juu ya jiwe bapa, miguu inaning'inia, na chini yake ameandika kwamba pepo ni hapa hapa duniani. Nilimwambia mpwa wangu kwamba huyo msichana amekalia meza ya watu. Alicheka, akadhani nimeanza kuzeeka.

Jiwe hilo bapa ndilo Meza, na lina sheria yake. Upepo na mkondo wa ziwa husukuma kila kinachoelea mpaka kwenye ule mlango wa mawe, na kikishaingia hakitoki tena. Maboya, jerikani, kafi, vibao vya mitumbwi, vyote huishia pale, na ndiyo maana wavuvi wakapaita Kapu. Ukikuta kitu kisicho chako unakiosha mchanga, unakiweka Mezani, na mwenyewe akija atakiona. Hakuna aliyechukua cha mwenzake, hata kamba mpya ambayo bado inang'aa. Hata wavuvi wa ng'ambo, wa upande wa Kenya, walikuja na mitumbwi yao, wakasalimia, wakachukua vyao, wakaondoka. Wezi tulikuwa nao wa kutosha kule kijijini, lakini hao nao walipofika Kapu walikuwa watu wazuri.

Na watu pia walirudi Kapuni. Mtu akizama, wanawake wa kwake walikuja kukaa juu ya mchanga na kungoja. Niliwahi kuona mara moja, kwa mbali, wanaume wakifunika kitu kwa turubai, na nyanya yangu akanishika kichwa akakigeuza kuelekea upande wa migomba. Chini ya mkono wa kulia wa mawe kulikuwa na shimo tuliloliita Pua. Wimbi likiingia, hewa ilisukumwa nje kwa mkupuo mmoja mrefu, na upepo wa kusini ukivuma shimo liliguna kama mzee anayejiinua kitini. Watu wazima walisema wale ambao ziwa halijawarudisha wanapumulia hapo. Sisi watoto tulipita mbio. Baba peke yake ndiye aliyekuwa akisimama, akatega sikio, akaniambia niweke mkono wangu nisikie jinsi ilivyo baridi. Aliniita mama, kwa sababu mimi Nabwire nimepewa jina la mama yake mzazi. "Ni hewa tu, mama," alisema. "Hewa haina meno."

Mwaka nilipokuwa ninang'oka meno ya mbele, dhoruba ilimvunjia mtumbwi. Yeye aliogelea akafika, mtumbwi ukaenda vipande. Nililia kuliko yeye, maana nilijua mtumbwi ndio ugali wetu. Aliniambia ninyamaze, Kapu italeta, kazi yetu ni kuokota tu. Na kweli Kapu ilileta. Leo ubao wa chini, keshokutwa ubavu, wiki nyingine kiti cha mpiga kafi. Tulivibeba mimi na yeye, tukavipanga chini nyuma ya ghala kila kimoja mahali pake, mpaka ukaonekana mtumbwi umelala juu ya majani. "Bado ya mbele," alikuwa akisema kila asubuhi, akipiga mluzi. Ubao wa mbele ulichelewa mno. Ulikuja siku magugu maji yalipoingia na kuifunika ghuba yote, ukiwa umekwama katikati yake. Baba akapigilia misumari, akaziba nyufa kwa pamba na vipande vya bati, tukausukuma majini. Ukaenda. Niliona kwa macho yangu kitu kilichokuwa kimekufa kikiamka, na sikuona kwamba ni ajabu, maana tulikuwa tumekipanga vizuri.

Nawaomba msome habari hiyo ya mtumbwi vizuri, nyinyi mnaonisoma, kwa sababu kila kilichofuata kilitoka hapo.

Mtumbwi huo huo ndio baba aliokuwa nao alipozama. Mwenzake alishikwa na malaria, yeye akaenda peke yake kutoa nyavu za karibu, na kulipopambazuka upepo ukageuka. Wavuvi wa ng'ambo waliukuta mtumbwi umepinduka, mzima kabisa, hauna hata ufa. Mama na wanawake wengine walikaa juu ya mchanga wa Kapu wakingoja. Mama alikuwa Mdhopadhola wa Mukuju, mtoto wa wakulima, mtu wa mtama na karanga, na hata kuogelea hakujua. Kisamia cha watu wa baba hakikumkaa mdomoni, kwa hiyo alizungumza nao Kiswahili cha sokoni. Wakati wenzake wakiliita ziwa kwa maneno ya kimila, yeye alikaa kimya akilitazama kama mtu anayemtazama mwizi.

Baba hakurudi. Vilirudi vitu vyake. Ilianza kofia, kisha jerikani ya njano aliyoikata juu ili atolee maji mtumbwini. Shati lake la mistari lilinaswa na magugu. Leo najua kwamba mtu huvua shati majini kwa sababu anataka kuogelea, na nikilikumbuka shati hilo huwa naweka chini kazi niliyoshika. Wakati ule nilifurahi. Niliona Mezani kofia, jerikani, shati, halafu kafi yake yenye alama aliyoichoma kwa chuma cha moto, na nikaelewa kitu ambacho watu wazima, kwa wingi wao na ukubwa wao, hawakukielewa: baba alikuwa anarudi vipande vipande, kama mtumbwi, na kazi yetu ilikuwa kuokota tu.

Nilivichukua, kwa kuwa vilikuwa vyetu, nikavipeleka nyuma ya ghala pale pale penye majani yaliyolazwa na mtumbwi. Kofia nikaiweka juu. Shati nikalitandaza, mikono yake nikaikunjua. Kafi nikaiingiza ndani ya shati iwe uti wa mgongo, na jerikani chini yake iwe tumbo. Kisha ikaja ndala ya kulia. Baba alikuwa na ndala za mpira zilizokatika mikanda, zote mbili, akazifunga kwa uzi wa kijani wa nyavu kwa fundo lake la mzunguko, ambalo hakuna mwingine aliyeweza kulifunga. Nikaiweka mahali pa mguu. Nikarudi nyuma hatua kadhaa nikamtazama. Alikuwa anakaribia kabisa. Nikajikuta nasema kwa sauti yake, "Bado ya kushoto."

Tangu hapo nilikwenda Kapu kila asubuhi. Ulikuwa msimu ule ambao wadudu wa ziwani huinuka juu ya maji kama nguzo za moshi, ndefu kuliko miti, zikisimama na kuyumba. Ukungu ukiwa bado haujaondoka, kila nguzo ilikuwa mtu. Nilisimama mlangoni mwa ghuba nikimtafuta anayechechemea. Pua ikipumua nyuma yangu sikukimbia tena. Nilijua nani anapumua, na niliiambia isubiri kidogo. Nikikumbuka leo mwili unanisisimka, si kwa sababu ya Pua, bali kwa sababu ya yule mtoto aliyesimama peke yake karibu na maji akizungumza na jiwe, wala hakuwa na hofu hata kidogo.

Nilikuwa nikikuta nyayo mchangani. Mtu alikuwa ananitangulia, anashuka mpaka majini, anatembea ukingo mzima, kisha anarudi. Nilizijua, zilikuwa za mama, kidole chake cha mwisho kilijitenga na wenzake. Mjane kabla ya maziko hakutakiwa kuzurura hivyo, lakini yeye alikuwa anashuka kabla watu hawajaamka. Nilifikiri ana maneno ya siri na baba na nikamwonea wivu kidogo.

Sasa ukoo ulichoka kungoja. Kwa watu wa baba, ambaye maji hayakumrudisha hazikwi hivi hivi kwa maneno. Hukatwa tunda la mvungunya, lile refu zito linaloning'inia kwa kamba mtini, ambalo uzito wake ukilibeba begani unafanana na wa mtoto aliyelala. Hulivalisha, hulililia, hulizika, na roho inapata mahali pa kukaa. Bila hivyo, walisema, marehemu atazunguka nyumba akiomba mlango. Baba mkubwa Wandera, kaka yake baba, ndiye aliyetoa amri. Alikuwa mtu wa kelele, mwenye kucheka mpaka kuku wanatawanyika, na siku zile zote alikuwa akipiga kelele zaidi kwa sababu hakujua la kufanya na kilio chake.

Mimi niliposikia nilitishika. Nilivyoelewa, wakilizika tunda ziwa litahesabu kwamba baba ameshapatikana, na halitaleta tena kilichobaki. Asubuhi ya siku ya mazishi hayo nilikimbia Kapu mapema kuliko kawaida. Nilikutana na mama njiani, yeye anapanda kutoka ziwani. Leso aliyojifunga ilikuwa imelowa mpaka magotini, na mikono yake alikuwa ameikunja ndani ya leso, kifuani, kama mtu mwenye homa.

"Wewe nakwenda wapi?" aliniuliza.

Nilimwambia. Aliangalia nyuma kuelekea maji, kisha akaniangalia mimi.

"Leo hakuna kitu," alisema. "Mimi nimetazama yote. Rudi nyumbani, Nabwire."

Nilirudi. Mama alikuwa hasemi uongo, hata ule mdogo wa kumfukuza mgeni, na sikuwa na sababu ya kumtilia shaka.

Baada ya chai Baba mkubwa Wandera alizunguka nyuma ya ghala kutafuta jembe, na akamkuta baba amelala juu ya majani. Nilikuwa nimechuchumaa kandoni nikimfukuzia kuku. Wandera alisimama. Alivua kofia yake taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimsikia akiongea kwa sauti ndogo.

"Nani amepanga hii?"

"Ni mimi," nilisema. "Msizike. Baba bado. Imebaki mguu moja."

Watu wengine walikuja wakasimama nyuma yake, na mama akapita katikati yao. Alitazama kofia, shati, uti wa mgongo wa kafi, tumbo la jerikani, na ile ndala moja. Nilimsubiri anitetee. Nilikuwa na hakika kwamba yeye ataona.

"Hiyo mguu haitakuja," aliniambia. "Wacha baba aende."

"Boti ilikuja yote," nilisema. "Hata ubao ya mbele ilichelewa, lakini ilikuja."

Mama alijiziba mdomo kwa leso akageuka, na wanawake wakaanza kulia bila mtu kuwaongoza. Wandera alichuchumaa, akaokota kitu kimoja kimoja kwa mikono miwili. Akasema vitakwenda naye. Basi lile tunda lilivalishwa shati la mistari na kofia, kafi ikawekwa ubavuni, jerikani miguuni, na ndala ya kulia mahali pake. Vikashushwa kaburini. Mimi sikulia hata chozi. Nilikuwa na hasira kwamba wamemzika kabla hajaisha, na kwamba huko aliko sasa hana pa kukanyagia mguu wa kushoto.

Mvua zilipoanza ndipo nilipomsikia. Bati letu lilivuja, na mama aliweka sufuria kukinga maji. Tone lilianguka, pa, kisha kimya cha urefu wa hatua moja, kisha pa. Mguu wenye ndala, mguu mtupu. Mguu wenye ndala, mguu mtupu. Alizunguka nyumba hivyo hivyo, kama walivyosema. Nilimwuliza mama kama anamsikia. Mama aliinuka akasogeza sufuria, tone likaanguka udongoni na sauti ikafa. Alifanya hivyo kila mara mvua iliponyesha. Alikuwa akinyanyuka kabla sijauliza, wakati mwingine akiwa katikati ya kula.

Ukoo ulitaka mama arithiwe na ndugu wa baba. Yeye akakataa, na kwa kuwa aliyekuwa na haki ya kumtetea yuko chini ya udongo na asiyekuwapo na lake halipo, tuliondoka na sanduku moja na kuku watatu wasiokubali kufungwa miguu. Tulirudi kwao Mukuju. Nilifikiri huko kusiko na ziwa nitapumzika. Lakini Mukuju nako kuna mvua na kuna sufuria. Nikasoma, nikaolewa, nikazaa, nikawa fundi cherehani mwenye ulimi ambao wateja wanaujua, na mpaka leo nikipita soko la mitumba la Busia, palipo na rundo la viatu vilivyopoteza wenzao, macho yangu hukimbilia vya kushoto. Mume wangu hunitania kwamba nimeolewa na mguu mmoja tu na wa pili bado nautafuta. Sikuwahi kumweleza. Mtu utaanzia wapi?

Ndani ya sanduku, chini kabisa, chini ya mashuka na magauni yake ya gomesi, kulikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa. Ndani ya mfuko ilikuwa leso. Niliitambua kabla sijaikunjua, ingawa rangi zilikuwa zimekufa, na ilikuwa imekunjwa ikiwa mbichi, ikakauka na mchanga wake na harufu yake. Ndani ya leso ilikuwa ndala ya kushoto, mkanda wake umefungwa kwa uzi wa kijani, kwa fundo la mzunguko.

Nilikaa nayo mapajani. Ilikuwa nyepesi. Kisigino kilikuwa kimelika upande wa nje, alivyokuwa akikanyaga baba, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa na likanirudia mara moja, pamoja na mgongo wake na shingo yake akinitangulia njia ya ng'ombe. Mama mdogo Athieno hakushangaa. Alikuja kwa maziko yale ya tunda akiwa msichana, akalala chumba kimoja na mama, na alikuwa ameinyamazia habari hii miaka yote.

"Aliniamsha ile asubuhi," alisema. "Ilikuwa katika leso, inatoa maji. Mimi nikasema, mpe mtoto, analilia hii. Akasema hapana. Akasema, 'Mtoto anangojea hii, halafu baba yake. Mimi nikimpa hii leo, kesho nitampa nini?'"

Nilikasirika. Nilikasirika na maiti ya mama yangu iliyolala chumba cha pili, na sioni aibu kusema hivyo. Alinipa maisha mazima ya kungoja kiatu kilichokuwa ndani ya sanduku lake. Kisha mvua ndogo ikapita juu ya bati, nikamkumbuka anavyoinuka, chakula kimekatika mdomoni, kwenda kusogeza sufuria. Alikuwa anajua ninachosikia. Alikuwa anacho kitu cha kunyamazisha sauti ile, hatua chache tu kutoka pale alipokaa, na kila mvua aliamua upya asikitoe, kwa sababu angekitoa ningesema baba ametimia, ningekwenda kusimama Kapu kumngoja ainuke, na asiinuke. Hilo ndilo aliloona nyuma ya ghala kabla yangu. Sijui kama alifanya vyema. Nimewaza sana na bado sijui. Najua tu kwamba alilibeba peke yake, yeye ambaye hakuweza kusema uongo, na uongo wake ulikuwa mmoja.

Pamoja na kukataa kwake kurithiwa, mama hakuacha kuwa mke wa mtu, na mke huzikwa kwa mumewe. Tulimpeleka ziwani. Kaburi lake lilichimbwa ubavuni mwa lile la tunda. Baba mkubwa Wandera bado yupo, macho yamekwisha, kelele zimekwisha, anaongozwa kwa mkono. Kabla jeneza halijafungwa nilipiga magoti nikaweka ndala kando ya mama, upande utakaokuwa karibu na baba. Wandera alisikia mchakacho wa mfuko.

"Umeweka nini hapo?"

"Ya baba," nilisema. "Ya kushoto."

Alinyoosha mkono, nikampa. Aliipapasa mpaka vidole vyake vikafika kwenye fundo, vikasimama hapo. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili, kama alivyookota vile vingine siku ile, akasema ni yenyewe. Nikaiweka mahali pake na nikainama mpaka karibu na sikio la mama. "Mpelekee," nilimwambia. Nilikuwa nalia sasa, kilio cha siku ile cha mtoto aliyekataa kulia, na wanawake waliniacha nilie mpaka nikaishiwa pumzi.

Jioni nilishuka Kapu kunawa mikono. Ghuba ni ile ile, mkuyu umeinama zaidi, Pua inapumua. Msichana wa mjini alikuwa amekaa juu ya Meza akijipiga picha, amekunja shingo kutafuta jua. Ukingoni, kati ya magugu, kulikuwa na ndala ndogo ya mtoto, ya waridi, mkanda mzima. Huenda ilidondoka mtumbwini mtoto akicheza. Huenda sivyo. Niliiokota nikasimama nayo, na mikono yangu yenyewe ikaiingiza ndani ya leso yangu, kifuani, na nilijua hasa mama alisimama wapi, na maji yalikuwa baridi kiasi gani.

Kisha niliitoa. Niliiosha mchanga, nikamwomba msichana anipishe kidogo, nikaiweka Mezani.

"Maama, hiyo ni ya nani?" aliuliza.

"Ya mwenyewe," nilimwambia. "Atakuja."

Aliitazama ile ndala, akalitazama ziwa, akazima simu yake akateremka kutoka juu ya jiwe.